Je, Ni Lini Serikali Itajenga? Jimbo Linavyompa Mbunge Sauti na Linavyomnyamazisha

(Haya ni maandishi ya mada niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa chama. Wengi mliomba niiweke hapa. Nimeiacha karibu kama ilivyokuwa, na maneno ya ukumbini humo humo.)



Nimepewa mada inayoitwa "Mbunge na Jimbo Lake". Mimi ni mwanafunzi wa sheria, kwa hiyo mtanivumilia nikitaja ibara mbili tatu. Lakini sikuja kuwahubiria Katiba. Nimekuja na jambo moja tu, na naomba mkitoka hapa mlibishanie mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Jambo lenyewe ni hili. Jimbo ndilo linalomfanya mbunge asimame bungeni aseme, na jimbo hilo hilo ndilo linaloweza kumfunga mdomo. Kama barabara, maji na zahanati vinafika jimboni kama hisani ya waziri, mbunge atatumia dakika zake kumwomba waziri. Na mtu uliyemwomba barabara asubuhi, mchana huwezi kumkaba koo kuhusu fedha za umma.  Tusipolielewa hili, hata tukipeleka watu wetu mia Dodoma, tutakuwa tumepeleka waombaji mia.

Dakika za mbunge zinaendaje?

Hebu fanyeni zoezi dogo. Ingia tovuti ya Bunge, fungua Hansard, yaani Taarifa Rasmi za majadiliano. Ni bure. Chagua siku yoyote ya mkutano wa bajeti, ule unaoanza Aprili na kuishia Juni. Soma mchango mmoja kutoka juu mpaka chini.

Mara nyingi utakutana na mpangilio ule ule. Kwanza shukrani kwa Mwenyezi Mungu, halafu pongezi kwa Rais, kwa Waziri, kwa Naibu Waziri, kwa Katibu Mkuu na watendaji wote wa wizara. Kisha inakuja "sasa niende jimboni kwangu". Hapo inafuata orodha: barabara ya kutoka kata hii mpaka kata ile, kituo cha afya ambacho boma limefika kwenye lenta na mabati hakuna, mnara wa simu, kisima kilichokauka. Kengele inalia. "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja." Amekaa.

Asubuhi kwenye maswali ni hivyo hivyo. Mbunge anauliza: "Je, ni lini Serikali itajenga barabara kwa kiwango cha lami?" Naibu Waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge anasimama tena: "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza."

Majibu mazuri! Tarehe haipo, fedha haipo, barabara haipo, lakini majibu ni mazuri.

Mnacheka, lakini tusiwadharau wanaouliza. Kijiji kisicho na maji si jambo dogo. Mama anayeamka saa tisa usiku kwenda kupanga foleni ya ndoo anastahili kutajwa Dodoma. Mbunge asiyejua barabara za jimbo lake hafai. Swali langu ni lingine: kwa nini mbunge analazimika kuomba? Nani alimweka kwenye nafasi hiyo?

Katiba ilivyomweka

Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kusimamia ndiyo kazi ya kwanza. Ibara hiyo hiyo inampa mbunge haki ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake. Na ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni, kwamba maneno aliyoyasema humo ndani hayatahojiwa mahakamani. Hapo mbunge anaonekana mtu mzito kweli kweli.

Sasa nenda ibara ya 99. Hiyo inahusu fedha. Inasema, kwa lugha yangu ya darasani, kwamba Bunge halitashughulikia pendekezo la kutoza kodi au la kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka Rais apendekeze, na pendekezo liletwe na waziri. Kupunguza kunaruhusiwa, kuongeza hapana.

Mnaona maana yake? Mbunge wa jimbo hawezi kusimama akasema, "Natoa hoja shilingi bilioni mbili zihamie kwenye maji ya kata tano." Hana uwezo huo. Anaweza kuomba, anaweza kulalamika, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Mmeshasikia hiyo "nashika shilingi". Ni hoja ya kupunguza mshahara wa waziri kwa shilingi moja ili jambo lijadiliwe. Mara nyingi waziri anatoa maelezo, anaahidi, mbunge anarudisha shilingi, maisha yanaendelea.

Halafu kuna ibara ya 90. Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Na kura ya bajeti inapigwa kwa kuitwa jina mmoja mmoja. Yaani unaitwa jina, unajibu ndiyo au hapana, na unajua hapana ikizidi, wewe na wenzako mnaweza kurudi jimboni kuomba kura upya. Ongeza na ibara ya 71, kwamba ukikoma kuwa mwanachama wa chama kilichokupeleka, ubunge umekwisha. Kwa hiyo mbunge ana waajiri wawili: jimbo linalomtaka alete barabara na chama kinachomtaka asiisumbue Serikali. Na mara nyingi njia rahisi ya kuwaridhisha wote wawili ni moja: sifia, omba, unga mkono hoja.

Jimbo linapompa mbunge ujasiri

Lakini tusiseme jimbo ni mzigo tu. Mimi ni mtoto wa Newala. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye korosho, na nyumbani kwetu hakuna mtu anayehitaji kuelezwa salfa ni nini.

Mwaka 2018 Serikali ilileta bungeni mabadiliko ya sheria kuhusu ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje. Kabla ya hapo asilimia 65 ya ushuru ule ilikuwa inarudi kuendeleza zao, pamoja na pembejeo za mkulima. Mabadiliko yalitaka fedha yote iende Mfuko Mkuu. Zao lilikuwa limetoka kuvuka tani 300,000 msimu wa 2017/18. Yaani ng'ombe ndiyo kwanza ameanza kutoa maziwa, tunaambiwa majani yake yapelekwe kwingine.

Wabunge wa Mtwara na Lindi walisimama. Na hawakuwa wa upinzani peke yao. Wa chama tawala kutoka kule kwetu walisimama pia, wakaipinga hoja ya Serikali ya chama chao hadharani, na Hansard ipo. Watu ambao siku zote wanaunga mkono hoja, siku ile walikataa. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alijua kwamba akishuka kwenye gari jimboni atakutana na mkulima, na mkulima ana swali. Jimbo liliwapa ujasiri ambao chama chao kisingewapa.

Na bado mabadiliko yalipita. Naomba tukae hapo kidogo. Mikoa inayolima korosho kwa wingi inahesabika kwa vidole. Wabunge walio wengi hawakuwa na mkorosho jimboni kwao. Kwa hiyo ule moto ulikuwa wa kusini, na kura zilikuwa za nchi nzima. Jimbo linampa mbunge ujasiri, sawa, lakini ujasiri wenye mpaka. Unaishia pale eneo lake linapoishia. Leo korosho, kesho pamba, kesho kutwa kahawa, na kila mara wanaolia ni wachache na wengine wanasubiri zamu yao.

Jimbo linapomfunga mdomo

Sasa chukueni jambo ambalo halikuwa la kusini wala la kaskazini. Tozo ya miamala ya simu, mwaka 2021. Kuna mtu humu ndani hakukatwa? Ilianza Julai, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala, kwa kadiri ya kiasi unachotuma au kutoa. Bajeti hiyo hiyo ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara.

Hapa hakukuwa na jimbo ambalo halikuguswa. Mpiga kura wa Kyerwa ana simu, wa Tandahimba ana simu, wa Temeke ana simu. Kwa hesabu ya kawaida ungetegemea majimbo yote yapige kelele bungeni. Haikuwa hivyo. Sheria ilipita, kelele zikaanzia mtaani na mitandaoni wananchi walipoanza kukatwa, na Septemba Serikali ikapunguza tozo kwa asilimia 30.

Jiulizeni kwa nini kelele ilitoka nje ya Bunge badala ya ndani. Kweli, Bunge lile la 12 karibu lote lilikuwa chama kimoja. Katika majimbo 264, upinzani wote ulitangaziwa majimbo manane tu. Yaliyotokea 2020 tunayajua, leo si mada yangu. Lakini kuna sababu ya pili, na ndiyo ninayotaka mwondoke nayo. Tozo ilikuja imefungwa pamoja na vituo vya afya na madarasa. Mafuta yalikuja yamefungwa pamoja na barabara za TARURA. Ukisimama kupinga, unaonekana unapinga kituo cha afya cha tarafa yako mwenyewe. Nani atarudi jimboni aseme, "Niliikataa fedha ya barabara yenu"? Kwa hiyo jimbo ambalo mwaka 2018 liliwapa watu wa kusini sauti, mwaka 2021 ndilo lililotumika kuwanyamazisha wabunge wa nchi nzima. Kodi ya mwananchi ikanunua ukimya wa mwakilishi wa mwananchi huyo huyo.

Hiyo ndiyo hatari ya mbunge wa orodha. Serikali ikishajua orodha yako, imeshajua bei yako.

Wabunge hawana mdomo mmoja

Kuna mambo matatu hatuyazungumzi sana kwenye vijiwe vyetu.

La kwanza ni mawaziri. Kwa Katiba yetu mawaziri wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Mbunge wenu akiteuliwa, jimbo zima linapiga vigelegele, "sasa neema imetufikia". Lakini waziri haulizi maswali bungeni, anajibu. Hasimami kuipinga bajeti ya mwenzake, kwa sababu Baraza la Mawaziri linawajibika kwa pamoja. Kwa hiyo jimbo lililopata waziri limepata mlango wa nyuma wa kuombea na limepoteza sauti ya mlango wa mbele. Na wale ambao hawajateuliwa nao wanaishi kwa matumaini. Ukimsikia mtu anasifia kupita kiasi, wakati mwingine hazungumzi na wapiga kura wake kabisa.

La pili ni wenzetu wa Zanzibar. Katika majimbo yale 264, majimbo 50 yalikuwa Zanzibar. Maji, barabara, zahanati na shule za msingi za kule si mambo ya Muungano, yako chini ya Serikali ya Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi. Sasa mbunge wa Micheweni amekaa Dodoma wiki nzima wanajadili TARURA na RUWASA. Barabara yake haimo. Kisima chake hakimo. Angekuwa mtu wa kwanza kuzungumza mambo makubwa ya nchi: fedha, mambo ya nje, ulinzi, Muungano wenyewe. Wapo wanaofanya hivyo vizuri. Lakini siku nyingi mjadala unapita juu ya vichwa vyao, kwa sababu Bunge zima limezoea kuzungumza lugha ya "jimboni kwangu".

La tatu ni dada zetu na mama zetu wa viti maalum, waliokuwa 113 katika Bunge lile la 12. Wanadharauliwa, wanaambiwa hawana jimbo. Katiba yenyewe inasema Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni, kwa hiyo hata huko juu mlango umefungwa. Mfuko wa jimbo hawaupati. Lakini tazameni suala la taulo za kike. Hakuna jimbo linaloitwa jimbo la hedhi. Upendo Peneza, akiwa mbunge wa viti maalum kutoka Geita, alilisimamia suala lile bungeni wakati wengine wanaliona la aibu. Mwaka 2018 Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike, ingawa mwaka uliofuata iliirudisha. Jambo lile liligusa kila wilaya, na kwa sababu liligusa kila wilaya halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Alilisema mtu asiye na orodha. Kwa hiyo tukimcheka mbunge kwamba hana jimbo, tujiulize tunacheka nini.

Watu wa Kigoma na fedha za Dar es Salaam

Sasa wapo walioshika majimbo na bado wakavuka mpaka. Nataja wawili, wote kutoka Kigoma, wote wakiwa upinzani wakati huo.

Mwaka 2007 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliosainiwa London. Buzwagi iko Kahama. Kigoma Kaskazini iko kwenye Ziwa Tanganyika, watu wake wanavua dagaa, hawachimbi dhahabu. Hakuwa na mgodi wa kuombea. Bunge likamsimamisha Agosti ile, lakini nchi nzima ikaanza kuuliza mikataba ya madini ina nini ndani.

Mwaka 2014 David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, aliibana Serikali kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizokuwa Benki Kuu. Kamati ya PAC ikaingia kazini. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akajiuzulu mwezi uliofuata. Tegeta na Uvinza wapi na wapi? Leo Kafulila yuko upande mwingine wa siasa, najua mnaguna. Hansard haihami chama. Kazi ile ilifanyika na imeandikwa.

Lakini mwisho wake mnaujua? Uchaguzi wa 2015, mwaka mmoja tu baadaye, alitangazwa kushindwa Kigoma Kusini. Alikwenda mahakamani, hakufanikiwa. Sisemi alishindwa kwa sababu ya Escrow, wala sisemi uchaguzi ule ulikuwa safi. Nasema hivi: mwanasiasa yeyote kijana anayetazama mfano ule anajifunza nini? Anajifunza kwamba kuokoa mabilioni ya nchi hakumhakikishii kura hata kidogo, ila daraja la kijijini linaonekana kwa macho. Na tangu Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, mpiga kura wa kijijini amekosa hata nafasi ya kumwona mbunge wake akifanya ile kazi nyingine. Anachokiona ni barabara. Kwa hiyo anampima kwa barabara.

Na sisi je?

Makamanda, hapa ndipo ninapotaka kuwaudhi kidogo. Tusiitupie CCM kila kitu.

Nendeni mkatazame mabango na hotuba za wagombea wetu wa chaguzi zilizopita. "Nitaleta maji." "Nitajenga zahanati." "Nitatoa gari la wagonjwa." Kwa fedha ya nani? Kwa ibara gani? Mgombea wa upinzani anayeahidi barabara ameahidi kitu ambacho ufunguo wake uko mfukoni kwa waziri wa chama anachokipinga. Siku ya kwanza bungeni atakuta mambo mawili: ama aanze kupiga magoti, ama arudi jimboni mikono mitupu, aambiwe "mlichagua upinzani, ndiyo maana hamletewi maendeleo". Maneno hayo yamesemwa majukwaani nchi hii mara nyingi, na yanafanya kazi kwa sababu sisi wenyewe tumekubali kwamba maendeleo ni kitu cha kuletewa.

Halafu kuna mfuko wa jimbo. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009 inamfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati inayopanga matumizi ya fedha zile. Yaani msimamizi wa Serikali naye amepewa kiserikali chake kidogo cha mabati na saruji. Kenya walikuwa na mfuko mkubwa kuliko wetu, na Agosti 2022 Mahakama ya Juu yao ilisema sheria ya mfuko ule ya mwaka 2013 ilikuwa kinyume cha Katiba, pamoja na mengine kwa sababu ya kuchanganya mihimili. Sisi hapa wabunge wa vyama vyote wanaupenda mfuko huu, na wetu wakiwemo. Sijasikia hata siku moja tukiujadili kama jambo la msimamo.

Kuna kaka mmoja aliniuliza wakati naandaa mada hii: "Sasa dada, mbunge asipoomba barabara, nani ataomba?" Swali halali. Jibu langu ni kwamba mbunge wa jimbo, kwa sheria, ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Pale ndipo mahali pa kupigania zahanati ya kata, na diwani wake akiwa pembeni, na mkurugenzi akiwa mbele yake. Dodoma ni mahali pa kuuliza kwa nini halmashauri zote nchini zinakusanya kidogo na kusubiri kikubwa kutoka Hazina. Ukiuliza hilo moja vizuri, umewaulizia hata wa jimbo la jirani. Na huyo wa jirani, akiwa chama chochote, anaweza kukuunga mkono, kwa sababu humnyang'anyi kitu.

Tufanye nini?

Sitaki tuondoke na makofi tu. Napendekeza kazi tatu.

Kwanza, kila tawi la vijana lisome Hansard ya mbunge wa jimbo lake kwa mkutano mmoja wa bajeti. Mmoja tu. Hesabuni: amechangia mara ngapi, mangapi yalikuwa ya jimbo peke yake, mangapi yalihusu sheria, mangapi yalihusu ripoti ya CAG inayowekwa mezani kila mwaka. Andikeni ukurasa mmoja, mbandike hapa kwenye blogu, bila matusi. Mpiga kura asiyemwona mbunge wake kwenye televisheni amwone kwenye simu.

Pili, kwenye kura za maoni za chama chetu, tuwaulize watia nia maswali matatu. Taja sheria moja iliyopitishwa miaka mitano hii ambayo ungeipinga, na kwa nini. Waziri akikuahidi lami kwa sharti la kuunga mkono hoja mbaya, utawaambia nini watu wako, kwa maneno yako, kwa lugha ya kijijini kwako? Na jambo gani la jimbo lisilo lako utalisimamia kama lako? Asiyeweza kujibu hilo la tatu akagombee udiwani. Si tusi. Udiwani ni kazi ya heshima, na orodha yake ndiko inakotakiwa kwenda.

Tatu, na hili ni la chama kizima. Ilani yetu iseme wazi kwamba mgawo wa fedha za barabara za vijijini na maji utafuata vigezo vilivyoandikwa kwenye sheria na kutangazwa: idadi ya watu, ukubwa wa eneo, hali ya barabara, umbali wa kufuata maji. Mwananchi wa Newala ajue halmashauri yake inastahili kiasi gani hata kabla mbunge hajafungua mdomo. Siku fedha ya maji ikiwa haki iliyoandikwa, waziri atakuwa hana cha kumnunulia mbunge. Na tuirudie Rasimu ya Jaji Warioba. Ilipendekeza mawaziri wasiwe wabunge, na wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano. Hayo hayakuvuka Bunge Maalum la 2014. Tunapodai Katiba Mpya, tusidai tume huru ya uchaguzi peke yake. Tudai na mbunge huru.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya watu wa chuo, mwananchi anataka maji. Ni kweli anataka maji. Bibi yangu anayataka, na ameahidiwa na wabunge zaidi ya mmoja. Makonde ni uwanda mkavu, maji pale ni habari ya maisha na kifo tangu enzi za mkoloni. Lakini nikimwambia bibi kwamba mtu tuliyemtuma Dodoma akasimamie fedha anatumia nafasi hiyo kuomba ndoo, hanihitaji nimtajie ibara. Anaelewa mara moja. Mtu hatumi mwanawe akahesabu mavuno, halafu mwana akarudi na kikapu kimoja anamshukuru mwenye ghala.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha, na mimi sitaunga mkono hoja. Nataka ijadiliwe. Anayepinga apinge sasa, karibuni kwa maswali. Na tafadhali, swali lako lisianze na "pamoja na mada nzuri".